Ngoja Hapo kwenye G

Kwa miaka kumi na moja nilipiga G. Watu wakisikia kwamba mimi na mume wangu tulikuwa tukipiga gitaa pamoja nyumbani, hutabasamu. Huona bwana na bibi sebuleni, watoto chini kwenye mkeka, Jumapili imetulia. Sikatai, kwa macho ilikuwa hivyo. Lakini katika nyumba ile mpigaji gitaa alikuwa mmoja tu, na hakuwa mimi.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari upande wa Sironga. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili mjini Kisii, na nyumba yetu iko Mosocho. Gitaa la kwanza alilileta mwaka tuliohamia huko, walimu wenzake walipoanza kukutana Jumapili baada ya kanisa kupiga nyimbo za kantri. Kwetu kantri si muziki wa wageni tena. Hupigwa redioni, kwa kinyozi, harusini na matangani, na wazee wasiojua Kiingereza hata cha kuombea maji wanajua mahali pa kuitikia.

Yeye hakutaka kuimba. Alitaka solo, pale mwimbaji anaponyamaza na gitaa likaachiwa wimbo peke yake. Sasa, mtu hawezi kujifunza solo bila mwingine kumpigia kodi chini yake. Kodi hapa si ile inayokatwa kwenye mshahara. Ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na wimbo husimama juu yake. Nyimbo nyingi za kantri zina kodi tatu tu: unaanza na G, unakwenda C, unarudi G, unapanda D, unarudi ulikotoka. Alinifundisha zote tatu Jumapili moja, mikono yangu ikiwa bado na unga wa chapati, kisha akasema, "Sasa we endelea tu hivyo, mimi nacheza juu." Baadaye akaleta gitaa jingine zuri zaidi, likawa lake. Lile la zamani likawa langu.

Vidole alikuwa navyo, simnyimi haki yake. Alijifunza skeli ya G, yaani noti zake kwa mfuatano, kwa video za simu, akawa anaipanda na kuishuka kwa kasi hadi watoto wakapiga makofi. Shida ilikuwa masikio. Hakusikia kodi ikihama. Noti iliyo tamu juu ya kodi moja huweza kuwa chungu juu ya nyingine, na yeye alikuwa na noti moja aliyoipenda kupita zote, B. Aliufikia uzi, akauvuta mpaka ukalia ile B, akaishikilia hapo huku amefumba macho. Juu ya G ilikuwa asali. Mimi nikienda C naye bado ameishika, sebule yote ikawa kama chai iliyotiwa maziwa yaliyoganda. Hapo alifumbua macho na kunitazama mimi.

"Mama, mbona unaharakisha?"

"Si ndio mahali ya kubadilisha, Mwalimu."

"Najua. Lakini ngoja hapo kwenye G kidogo, nimalize."

Nikangoja. Nilingoja siku hiyo, na Jumapili iliyofuata, na nyingine zote. Nilijifunza kusoma mabega yake: bega la kushoto likishuka, amemaliza, naweza kwenda C. Nyimbo zikarefuka. Kila wimbo uliopigwa nyumbani kwetu ulikuwa umepinda mahali fulani ili vidole vya mume wangu vipite, na watoto wetu walikua wakidhani nyimbo hizo ziko hivyo. Akienda kwa walimu wenzake alirudi amenuna. Alilalamika kwamba huko wapiga ridhimu, wale wa kodi, wana haraka kama watu wanaofukuzwa. "Hawana subira kama yako," aliniambia. Nami nilifurahi. Niliichukua kuwa sifa na kuitunza, na kati ya mambo yote ya miaka ile hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Solo sikuzisikia kwake kwanza. Nilizisikia kwa mama yangu, kijijini Nyacheki, kwenye mashamba ya chai. Mama alikuwa na redio ndogo aliyoifunga mpira wa baiskeli ili betri zisianguke, akaining'iniza shingoni wakati wa kuchuma. Kantri ilipoanza alinyamaza kwa heshima mpaka maneno yaishe, kwa sababu hakuyaelewa. Gitaa likishika, naye akashika. Aliimba gitaa, midomo imefungwa, mikono ikiendelea na majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Nyimbo zenyewe hakuzijua hata moja. Alijua solo zake zote.

Nilipokuwa mtu mzima, nimekaa nyuma ya mume wangu nikisubiri bega lishuke, ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sikukitilia maanani utotoni. Sauti ya mama iligeuka palepale kodi ilipogeuka. Haikutangulia wala haikuchelewa. Hakuna aliyemfundisha.

Nikaanza kutaka na mimi. Nasema wazi, nilitaka kwa wivu.

Mosocho kuna fundi cherehani mmoja, mtu wa upande wa ziwa, aliyehamia na familia yake miaka mingi iliyopita. Nilimpelekea suruali ya mume wangu apunguze pindo, nikaona gitaa limetundikwa katikati ya vitambaa vya mapazia. Kumbe ujana wake wote aliupitisha kwenye bendi za hoteli Kisumu. Aliona jinsi nilivyolikazia macho.

"Unapiga?"

"Mume wangu ndiye anapiga. Mimi napiga kodi tu."

Alicheka hadi akaondoa mguu kwenye cherehani. "Kodi tu! Yawa! Hiyo ni kama useme mimi nashona suruali tu, mwenye kuvaa ndiye fundi."

Tangu hapo nikawa ninapita kwake Jumamosi mchana nikitoka kazini, mume wangu akiwa shuleni na wanafunzi wa mtihani. Nilikuja na kiburi changu cha miaka ya kodi, nikidhani nitapewa skeli na kukimbia nayo. Fundi alininyang'anya ile skeli siku ya kwanza. Kwa miezi miwili aliniruhusu noti moja tu kwa kila kodi. Yeye alipiga kodi, mimi nikatafuta noti moja inayokaa ndani yake, na alipohama nilipaswa kuhama.

"Nyar Kisii, usikimbize skeli," aliniambia; binti wa Kisii, ndivyo alivyoniita. "Kodi ni mtu. Akihama chumba, mfuate. Ukibaki pale unasalimia kiti."

Nilipomweleza kuhusu ile B iliyokuwa ikichachua C nyumbani kwetu, hakusema neno juu ya mume wangu. Alichukua kidole changu, akakiweka kwenye B, kisha akakisogeza mbele hadi kwenye chuma kinachofuata cha gitaa. "Hapo ndipo C inakaa. Chuma kimoja." Nilikuwa nimengoja miaka yote ile kwa ajili ya umbali wa chuma kimoja.

Baada ya noti moja zikaja mbili, kisha njia ya kuingia: jinsi ya kuianza safari kabla kodi haijahama, ili ikihama mfike pamoja. Alipenda kunitega. Alikaa kwenye G hadi nikajisahau, halafu akaruka D bila kutoa ishara, akaniangalia nikianguka. Miaka miwili ya Jumamosi. Sikumficha mume wangu, na wala sikumwambia. Hakuuliza suruali moja inapunguzwa pindo mara ngapi.

Halafu mama akaanza kuugua. Pumzi ilikuwa inamwishia akitembea kutoka jikoni hadi kizingitini. Nikawa ninakwenda Nyacheki kila nilipopata nafasi, nikibeba lile gitaa la zamani ndani ya gunia la plastiki. Yeye alikaa barazani amejifunga blanketi, mimi kwenye kigoda, chai yake iliyokosa wa kuichuma ikizidi kukomaa mbele yetu.

Alivuma kipande, nikakitafuta kwenye nyuzi. Haukuwa wimbo wa mtu yeyote. Ulikuwa mabaki ya solo za maisha yake yote aliyoyaunganisha mwenyewe, na ulikuwa na mistari minne. Nikikosea alitikisa kichwa: "Yaya," hapana. Nikirudia na kukosea palepale alivuta blanketi na kutazama kando, nami nikajua. Mstari wa pili ndio uliokuwa moyo wake. Ulipanda G, ukafika B, ukatulia pale kidogo tu, ukaingia C taratibu. Siku nilipoupata sawasawa alifumba macho. "Buya mono," akasema. Vizuri sana. Katika maisha yangu sijawahi kusifiwa nikaamini kama siku ile.

Kisha akaniambia kwa Kigusii kwamba siku watakapomshusha kaburini nimpigie wimbo huo. Nikamwambia asiseme mambo hayo. Alinyoosha kidole akanigusa nacho kifuani. Wewe, alisema, kisha akarudia. Nikaahidi.

Alikufa mvua zikiwa zimeanza. Kikao cha mazishi kiliongozwa na kaka yangu mkubwa, na tulipofika kwenye ratiba ya nyimbo nikasema kwamba nitapiga gitaa, mama aliniomba. Watu wakaangalia chini. Kaka alizungumza nami kwa upole, na upole wake ndio ulionishinda.

"Dada, wewe ni mwenye matanga. Mwenye matanga anakaa, anashikwa mkono. Hawezi kusimama mbele ya jeneza na gita kama msanii. Watu watasema nini? Na wakwe wako na nafasi yao ya wimbo. Mwalimu apige. Hiyo ni heshima kwetu."

"Mama alisema mimi."

"Mama alisema wewe, na bwana yako ni wewe."

Nikamgeukia mume wangu. Nilifikiri atacheka, au atasema hajui hata wimbo wenyewe. Alikohoa kidogo akasema, "Nitapiga kwa niaba yake." Wote wakamshukuru. Wengine walinipa hongera kwa kuolewa vizuri.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, nilimpigia ule wimbo ili ausikie. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga solo mbele yake. Nilipiga mistari yote minne bila kukosea, na nilipomaliza nikamtazama usoni nikingoja.

"Nani alikufundisha?"

Nikamtajia.

"Fundi wa nguo?" Kisha akatoa simu. "Haya, anza tena polepole nirekodi vidole."

Tulifanya mazoezi mchana wa siku nne. Mstari wa kwanza aliupata mara moja, wa tatu na wa nne pia. Wa pili alifika B, akauvuta uzi, akafumba macho. Nilimwambia, Mwalimu, hapo ni chuma kimoja tu, sukuma kidole. Akasukuma mara moja, akachukia sauti yake mwenyewe, akarudi kwenye raha yake. "Najua," aliniambia siku ya nne. "Wewe ngoja tu hapo kwenye G."

Siku ya mazishi kulikuwa na hema mbili, viti vya plastiki vinavyozama kwenye tope, na vipaza sauti viwili virefu kuliko mlango wa nyumba ya mama. Kwenye karatasi ya ratiba lilikuwapo jina la mume wangu, na chini yake: wimbo maalum kwa mama mkwe. Langu lilikuwa kwenye orodha ya watoto walioachwa. Lakini hawezi kupiga bila mimi, kwa hiyo niliwekewa kiti nyuma ya kipaza sauti kimoja, karibu na nyaya. Kaka hakupinga. Kwa maoni yake kupiga kodi si kupiga, ni kusaidia, na mfiwa anaruhusiwa kusaidia.

Mume wangu alisimama kando ya jeneza na suti yake ya kijivu. Mstari wa kwanza aliupiga vizuri, lazima niseme. Na hapo, safu ya mbele, nikamwona mama mmoja mzee aliyechuma chai mstari mmoja na mama yangu kwa miaka mingi. Alikuwa ameanza kuvuma. Midomo imefungwa, mikono juu ya magoti. Aliujua. Alikuwa ameusikia huo wimbo juu ya majani ya chai pengine mara nyingi kuliko mimi.

Tukaingia mstari wa pili. Gitaa likapanda, likafika B, uzi ukavutwa, macho yakafumbwa. Sauti ya yule mama mzee ikagusa B, ikatulia, kisha ikaanza kugeuka kwenda C, palepale, kama mama alivyokuwa akigeuka. Nikatazama bega la kushoto la mume wangu. Halikushuka.

Nikaenda C.

Fundi nilimwambia baadaye kwamba niliifuata sauti ya yule mama. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliyaona yale macho yaliyofumbwa kwa raha, juu ya jeneza la mama yangu, kwa wimbo wa mama yangu, na hasira ikanipanda kutoka miguuni. Nilitaka asikie. Kwa mara moja katika maisha yake nilitaka asikie.

Ile B ilitoka kwenye vile vipaza sauti viwili ikakaa juu ya C yangu, chungu, ndefu, hadi huko barabarani. Mtoto mmoja alicheka. Yule mama mzee akanyamaza. Mume wangu akafumbua macho akanigeukia, jicho lilelile la sebuleni, akisubiri nirudi G nimchukue. Sikurudi. Akajaribu skeli, akapanda, akashuka, akatafuta mahali pa kuingilia na hakupaona, kisha akaondoa mkono kwenye nyuzi na kuinamisha kichwa. Msimamizi wa shughuli akachukua maikrofoni haraka: mkwe amelemewa na uchungu, tumpe nguvu. Akina mama wakaanzisha wimbo wa kanisa. Mimi nilikuwa bado nimeshika C.

Mstari wa tatu na wa nne haikupigwa.

Walimzunguka mume wangu wakampa soda na pole. Shangazi yangu aliniambia sikioni kwamba mwanamke mwenye akili humngoja bwana yake, hasa mbele ya watu. Kaka hakunisemesha hadi jeneza likafunikwa, kisha akasema nimemwaibisha mkwe wao. Fundi alikuwa amekuja, akasimama nyuma kabisa na kofia mkononi. Nilimwendea kwa sababu nilijua yeye ataniunga mkono. "Kodi ilikuwa sawa," alisema. Nikangoja aongeze neno, hakuongeza.

Tulipofika Mosocho mume wangu alivua koti, akaliweka juu ya kiti.

"Kwa nini hukungoja?"

"Nimekungoja miaka kumi na moja."

"Na siku moja ikakushinda," alisema, akaingia chumbani.

Nimelichukia jibu hilo kwa sababu ni kweli. Mama hakuniomba nimsahihishe mtu. Aliomba wimbo wake. Ningengoja, ungepinda kidogo pale kati na kufika mwisho, na yule mama mzee angeendelea kuvuma. Nilikuwa na nafasi moja ya kumpa mama mistari minne, nikaitumia kumwonyesha mume wangu kosa lake. Na hakuliona. Hadi leo anawaambia watu kwamba siku ile alizidiwa na machozi, na wanamwamini, na gitaa lake limo kwenye mfuko nyuma ya mlango.

Langu bado nalitoa Jumamosi, nyumba ikiwa tupu. Sipiti tena kwa fundi. Napiga mstari wa kwanza bila shida. Kwenye wa pili napanda hadi B, natulia, na kidole kinagoma kusogea. Nakijua chuma kinachofuata, nakiona. Mkono wa kushoto unabaki na ile B, hapo kwenye G, na hakuna mtu nyumbani aliyeniambia ningoje.